Picha Aliyoikimbia Cheche

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi wa kuchomelea, na mtaa mzima unamwita Cheche. Mageti mengi ya hapa ni kazi ya mikono yake. Miwani ya kinga anayo, inaning'inia msumarini, safi kabisa. Chembe ya chuma ikimrukia jichoni, fundi mwenzake humfungua kope na kumsogezea sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu. Chembe inatoka, kazi inaendelea. Karakana nzima hujitibu hivyo, na kujisifu juu.

Alipoanza kuamka kila mara usiku kwenda haja ndogo, dada alimkokota hospitali. Vipimo vikasema saratani ya tezi dume. Daktari hakuzunguka: ikiwa bado imo ndani ya tezi, wanapasua na kuitoa yote. Ikiwa imeshatoka nje, kisu hakitasaidia. Hilo lingejulikana kwa picha ya MRI, kabla ya upasuaji.

Nilimsindikiza mimi. Mpiga picha, binti mpole, akamuuliza kama ana chuma chochote mwilini.

"Mwilini sina. Jichoni huwa zinaingia chembe, tunazitoa wenyewe."

"Basi baba, tuanze na eksirei ya macho, mlango wa pili hapo. Hii mashine ni sumaku kubwa sana. Kama kuna chembe imebaki, inaweza kusogea ikakuumiza."

Cheche alisikia sumaku tu, mengine yakampita. "Shemeji, nakuja, naenda kunywa maji," akaniambia. Nikabaki kwenye benchi kama mjinga, kumbe mwenzangu yuko karakana anasimulia.

Nilimfuata nimefura. "Shemeji, si ni eksirei tu!"

"Wewe hujaona kale kasumaku ka spika kanavyofanya kazi. Sasa hilo dude si litaning'oa jicho? Fundi bila macho ni nani?"

Wenzake wakacheka, wakamuunga mkono. Siku ile niliwachukia wote pamoja na sumaku yao.

Dada alibembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Cheche kila siku ana geti la mtu. Miezi ikayoyoma mpaka nyonga ikaanza kumuuma, akawa hawezi kuinama kazini. Hapo akarudi hospitali mwenyewe, bila kusukumwa.

Eksirei ya macho iliisha upesi kuliko alivyovua shati. Macho yalikuwa safi, hata punje hamna. Akaingizwa kwenye MRI, akatoka na macho yake yote mawili.

Daktari alituonyesha picha kwenye kompyuta. Saratani ilikuwa imetoboa ukuta wa tezi na kufika kwenye mfupa wa nyonga. Upasuaji ukafutwa. Angepewa sindano na vidonge vya kuipunguza kasi, lakini kuimaliza, hapana.

"Siku ile ya kwanza ilikuwa imeshatoka?" Cheche akauliza.

"Hatujui, mzee. Siku ile hatukupiga picha."

Nilikuwa nimemwandalia maneno makali tangu njiani. Niliyaacha yote, nikamwonea huruma.

Cheche akamgeukia dada. "Niliogopa upofu, mama watoto."

"Ungepofuka ningekushika mkono," dada akasema. "Huko unakokwenda sasa, nitakushika vipi?"