Tulipoianika Mashua

Mume wangu alimuuzia kaka yake sehemu yake ya shamba la majani chai ili tununue mashua ya tanga. Watu wa Sosiot walicheka mpaka wakachoka. Mtu wa milimani anafuata nini ziwani? Tulivusha viazi na kabichi hadi ng'ambo ya ghuba, na mwaka wa kwanza mambo hayakuwa mabaya. Kisha gugu maji likaja, likatanda mpaka ukadhani ni malisho, na hakuna tanga lililoweza kupita. Tukaamua kuihifadhi mashua, turudi nyumbani mpaka maji yafunguke. Nilikuwa na hofu. Chai haikuwa yetu tena, na mashua ile ikiharibika, hatukuwa na kingine cha kushika.

Tuliihifadhi kwa namna tuliyoijua. Kwetu mvua haikatiki, kwa hiyo kitu cha thamani huwekwa pakavu. Mzee aliyetupangisha chumba alikuwa na banda la mabati mbali kidogo na ufuo, na watu wakatusaidia kuivuta hadi humo. Mume wangu akaipandisha juu ya magogo, akamwaga jivu chini kuzuia mchwa, akaipangusa kwa gunia ndani na nje, kama anayeandaa ghala la mahindi. Nilimsifu. Mzee alikuja akasimama mlangoni.

"Mumeamua ikae hapa?"

"Hapa, mzee. Pakavu kabisa."

Mzee akaitazama mashua, akanitazama mimi, kisha akatazama viatu vyake. "Haya. Sawa."

Ile sawa ilinikaa kifuani. Tulitembea hadi Sondu, mume wangu akiwa na tanga begani, tukapata lori la vitunguu lililokuwa likipanda kwenda Kiptere. Nilimuuliza kama kufuli ilishika. Akasema ilishika. Nikamuuliza kwa nini mzee alisema sawa namna ile.

"Sasa ulitaka aseme nini?"

Niliwaza wezi, nikawaza moto, nikawaza mzee mwenyewe kuiuza. Pale Kiptere wanawake waliokuwa wakingoja kupimiwa majani chai waliliona lile tanga, wakadhani ni hema la mkutano wa injili, wakauliza mhubiri ni nani. Siku nyingine ningecheka. Mume wangu alitangulia mbele, na njia yote hadi Sosiot hakugeuka.

Mama mkwe alitupokea bila maswali, akatuwekea chai. Niliinuka kutafuta kikombe, nikaona jembe limetumbukizwa kwenye ndoo ya maji, mpini ukiwa juu. Nikataka kulisogeza.

"Hiyo wacha," Mama akasema. "Imelegea. Mti ikikauka inasinyaa. Ikikunywa maji itashika."

Nilisimama hapo na mkono hewani. Jambo hilo nililijua tangu utotoni, kila nyumba ya kwetu inaloweka jembe. Nikamgeukia mume wangu, naye alikuwa akilikodolea macho jembe lile lile. Mashua yetu ilikuwa mbao tupu zilizounganishwa kwa misumari, nasi tuliipangusa tukaiacha chini ya mabati, kwenye joto la kule chini, ipasuke vizuri.

Aliweka kikombe chini, akavaa koti.

"Huyu anaenda wapi na chai hajamaliza?" Mama akauliza.

"Anaenda kuzamisha mashua, Mama."

"Si mungezamisha mukiwa huko?"

Mvua ilinyesha jioni ile, na kesho yake, na siku iliyofuata. Majirani waliishukuru kwa sababu ya chai. Mimi nilikaa jikoni nikiomba inyeshe ziwani pia, ingawa nilijua mawingu yetu huishia mlimani. Niliogopa kila mtu aliyepita njiani. Shemeji alipopita kwenda kuchuma ile chai iliyokuwa yetu, alinisalimia kwa upole, na upole huo ndio ulioniliza.

Mume wangu aliporudi alikuwa na matope hadi magotini. Alikaa kwanza. Kufuli aliikuta imevunjwa, akasema, na banda lilikuwa tupu, magogo na jivu tu. Aliketi juu ya gogo moja akashindwa hata kuita mtu. Mzee alimkuta hapo, akamshika mkono kama mtoto, akampeleka ufuoni. Mashua yetu ilikuwa imelala chini ya maji kina cha kiuno, imejazwa mawe, nzima kabisa. Mzee na majirani walianza kuivuta kabla sisi hatujafika barabarani.

"Nilimuuliza kwa nini hakuniambia," mume wangu akasema.

"Akasemaje?"

"Alisema, 'Bibi yako alikuwa amesimama hapo, anakusifu.'"