Maneno Mazito ya Loise

Choo chetu cha mtaa wa Al Nahda, Dubai, kilikuwa darasa. Mlangoni, kwenye kioo, juu ya ndoo, kote Loise alibandika karatasi zenye maneno mazito ya Kiingereza. Sisi wenzake wa chumba tukawa tunaoga mbele ya "meticulous" na "exigent". Nilinung'unika weee, mwisho nikazoea.

Loise ni nesi wa kusomea, mtu wa Bungoma, lakini Dubai alikuwa mlinzi wa jengo. Hospitali moja Uingereza ilikubali kumchukua, mradi apite IELTS, mtihani wa Kiingereza, kabla ya mwaka kwisha. Alishaanguka mara moja.

"Wangari, nikianguka tena nimekwisha," aliniambia. Hakuwa akitia chumvi.

Sasa, mtihani wenyewe haufanywi bila pasipoti mkononi, na pasipoti zetu zilifungiwa kwenye sefu ya kampuni. Ndivyo waajiri wa huku walivyozoea. Ukiitaka yako, unatunga uongo.

"Sema unaenda embassy kurenew," nilimfunza. "Na uongee kizungu ya soja wa gate. Usijaribu kung'ara pale."

"Sawa, nimeskia."

Hakusikia. Nilikuwepo ofisini, nikingoja kubadilishiwa sare. Mbele ya meneja woga ulimshika, na mwenye woga hutoa alichokariri. Akaeleza habari za ubalozi kwa sentensi ndefu, iliyonyooka, yenye maneno yote ya chooni. Nilitamani kumkanyaga mguu.

Meneja akaweka kalamu chini. Alikuwa mpole, na hilo ndilo lililonichoma.

"Walinzi wangu wakianza kuongea hivi, huwa wanaondoka," alisema. "Unaenda wapi?"

Loise akaangua kilio, akamwaga yote: unesi, hospitali, mtihani wa Jumamosi, wa mwisho kabla ya mwaka kwisha. "Please, sir. Nitairudisha jioni hiyo hiyo."

"Khalas, yameisha. Pasipoti inabaki." Kisha akatabasamu kama mtu anayetoa zawadi. Kuanzia Jumapili Loise angekaa mapokezi, kwa sababu Kiingereza kama kile ni hasara kukiacha langoni.

Jumamosi alishinda kitandani, shuka hadi kichwani. Nilitaka kubandua zile karatasi chooni, nikashindwa.

Hospitali ilichukua mtu mwingine. Loise sasa anakaa kwenye kiti kizuri, kiyoyozi kikimpuliza, na kutwa kazi yake ni "Good morning, madam." Wapangaji humsifu kwa meneja kwamba anaongea vizuri sana.