Mikono ya Poza

Saa tano usiku simu ilikuwa bado kimya. Dada yangu alikaa kwenye kigoda jikoni, mikono ameinyoosha mbele kama si yake, nami nimemkazia macho asije akajigusa usoni. Mjukuu wake wa miaka mitatu alikuwa hospitali tangu jioni, jicho la kulia limevimba, halifunguki.

Mtaani dada yangu wanamwita Poza, kwa sababu anapoza pilipili. Wateja wake ni watu wenye vidonda vya tumbo na wazee waliokatazwa ukali, lakini chakula bila pilipili hakiwapiti kooni. Poza huipasua kwa urefu, akakwangua kwa kijiko ule utando mweupe wa ndani. Ukali umejificha humo. Wengi wanazilaumu mbegu bure. Kisha huiloweka kwenye maji ya chumvi na siki, akayabadilisha mara mbili. Inabaki harufu na utamu wake.

"Poza, hizi pilipili au karoti?" fundi viatu humtania.

"Zirudishe, nikupe zile za wanaume."

Fundi huikumbatia chupa yake ya pilipili akaondoka.

Miaka kumi na minane alikuwa hajawahi kukosea. Hujipaka mafuta ya kupikia viganjani kabla ya kushika kisu, na akimaliza hujipaka tena ndipo anawe kwa sabuni, maana maji matupu hayautoi ukali, huutembeza tu. Siku hiyo mtoto alianguka uani akalia. Poza alisuuza mikono kwenye ndoo, akakimbia, akamfuta machozi kwa kidole gumba.

Nilikuwepo. Nilimwona akisuuza. Mimi ambaye watoto wangu wanalalamika kwamba sipitwi na kitu, sikusema neno.

"Unasikia?" dada aliniuliza pale jikoni.

"Nini?"

"Analia. Chumbani kwao."

"Dada, chumba kile kitupu. Wote wako hospitali."

"Kaangalie, mdogo wangu."

Nilienda. Kitanda kimetandikwa, dirisha limefungwa. Nilipogeuka kutoka nikaisikia na mimi, sauti nyembamba ya mtoto aliyechoka kulia, nyuma ya shingo yangu kabisa. Nilirudi jikoni nikamwambia hakuna kitu.

"Mbona umerudi mbio?"

"Baridi."

Hakuniamini. Viganja vyake vilikuwa vinawaka bado, lakini kila nilipomletea maziwa aviloweke, alikataa.

"Mkamwana wangu hatanipa tena yule mtoto," alisema. "Kaondoka bila kunitazama. Afadhali angenitukana, ningejua pa kuanzia."

Walirudi kumekucha. Mwanawe aliingia wa kwanza, macho mekundu.

"Jicho ni zima, mama. Wamelisafisha. Uvimbe utaisha kesho, keshokutwa."

Poza akaangua kilio. Mkamwana alipita nyuma ya mumewe, mtoto amelala begani, akajibana ukutani ili asimguse mtu. Akaingia chumbani.

Dada alimfuata mpaka mlangoni. Hakugonga. Nadhani aliogopa hata kuzigusa mbao.

"Mwanangu," aliita taratibu. "Nimwone tu. Simshiki."

Mkamwana akajibu kutoka ndani, kwa adabu zake zote.

"Kalale mama. Tutaonana asubuhi."

Jua lilikuwa limeshajaa ukumbini, majirani wanafagia. Poza alisimama pale mikono ikiwa hewani, na mlango haukufunguliwa.