Mandazi ya Mukebe na Sehemu ya Papa

Sisi wenye tulikulia Evere, huku kwa wazungu, ile miaka tunajuana. Enzi zetu, samedi, ile Jumamosi, ilikuwa na harufu yake: sukari, mdalasini, mafuta moto. Watoto wa leo wakisikia harufu ya mdalasini wanafikiri ni mushumaa ya salon. Kwetu ilikuwa ni alama ya kwamba mama iko nyumbani, amevua viatu.

Mama yangu alikuwa anasafisha bureaux, ofisi za watu. Akirudi, anapita mu magasin, anachukua ile mikebe ya pâte, unga wenye umekandwa tayari, ya karatasi ngumu, minene kama mukono. Anaipanga mu frigo. Mimi nilikuwa naiogopa. Unabandua karatasi, unapiga mukebe ku pembe ya meza, unapasuka pwa, alafu pâte inatoka yenyewe, polepole, inavimba bila muntu kuigusa. Mara ya kwanza, mama kusikia ule mulio tu, akatuvuta chini ya meza, mimi na mudogo wangu Furaha. Tukalala tumbo chini, vile tulizoea kule Uvira. Vile aliona hakuna kitu, akainuka, akakuta ile nyama nyeupe ingali inasogea juu ya meza. Akafanya alama ya musalaba mbele ya kuishika. Bon, leo tunacheka. Ile siku hakuna mwenye alicheka.

Ku mukebe waliandika uweke mu four, ile jiko ya kuoka, douze minutes. Mama hakukuwa anasoma Kifaransa, na four yetu ilikuwa ya kuweka masufuria. Donc alifanya vile mikono yake ilijua. Akaikanda upya, akaifunika na kitenge pembeni ya chauffage, ku joto, ipumuke, akaikata vipande six, akakaanga mu mafuta mpaka ikawa nyekundu. Alafu anaitia mu sachet na sukari na mdalasini, anatupatia tutikise. Nje inavunjika, ndani laini. Ulikuwa unalamba midomo mpaka misa ya kesho yake.

Vipande six: mbili zangu, mbili za mama, moja ya Furaha, moja ya papa.

Papa alikuwa amebaki kule Uvira. Siku tulikimbia vita, alisema atatufuata. Na kwetu muntu akiwa mu safari, sehemu yake ya chakula inawekwa. Mama alikuwa anaweka andazi ya papa mu sahani ya bati, anafunika na kitambaa, anapandisha juu ya kabati, mahali hata mimi nilifika kwa kiti tu. Dimanche asubuhi, mbele ya misa, anashusha sahani, anaosha, ametupa mugongo. Mimi nilifikiri ile andazi anapatiaka njiwa za dirisha. Alikuwa anatuambia kila mara: "Sehemu ya muntu wa safari haiguswe. Ukiikula, unamukatia njia."

Habari za papa tulikuwa tunafuata ku Matonge, mutaa ya Waafrika, mu duka moja ya vitenge pale Chaussée de Wavre. Watu wenye walitoka Bujumbura walikuwa wanaacha barua pale. Mama alikuwa anaenda kila samedi, anarudi, njo tunapasua mukebe.

Samedi moja ya mvua, nilikuwa na miaka tisa, mama aliingia bafuni kumuogesha Furaha. Nikapanda kiti. Singesema ni njaa. Ilikuwa ni ile harufu. Nikakula andazi ya papa nimesimama juu ya kiti, macho ku mulango. Ilikuwa imepoa, sukari imeshakuwa maji. Nikafunika sahani tupu vizuri. Na vile nilitaka kushuka, nikasikia hatua ku couloir ya inje. Nzito, za viatu vya mwanaume, bila haraka. Zikakuja mpaka ku mulango wetu, zikasimama. Nilingoja muntu abishe. Hakubisha. Nilingoja zirudi. Sikusikia zikirudi.

Samedi yenye ilifuata, mama alirudi bila barua. Na ingine vilevile. Alors nikaelewa: nimemukatia papa njia. Ku masomo nilikuwa nasikia vidole vinanata sukari, hata nikinawa mara tatu. Watoto wengine walikuwa wanaruka kamba mu cour ya masomo, mimi nasimama ku ukuta nahesabu siku. Na shida ingine, nilikuwa natayarisha communion ya kwanza, na mbele ya communion lazima uungame. Utamuambia padri je? Nilimupiga mudogo wangu, nilisema uongo, niliua papa?

Samedi ya maungamo ikafika. Mama alikuwa amesimama mbele ya mafuta, na mimi nikamuambia vile alikuwa amenipa mugongo, ju uso wake nisingeuweza. Nikamuambia kiti, nikamuambia andazi, nikamuambia zile hatua. Nikamuuliza kama papa amekufa kwa sababu yangu.

Akazima moto. Akakaa vile mpaka mafuta ikanyamaza. Alafu akanielezea, na sauti ya chini kama anasoma sala, kwamba papa alikufa mbele ya Noeli. Mama moja mwenye alitoka Uvira ndiye alimuletea habari, pale pale dukani. Mama yangu alikuwa anangoja nipate communion, njo aniambie.

"Haikukuwa wewe, mwanangu. Siku ulikula, njia yake ilikuwa imekwisha zamani."

Nililia. Nililia papa, na Mungu anisamehe, nililia pia ya furaha, ju haikukuwa mimi.

Kisha nikamuuliza: kama alijua, ju ya nini alikuwa angali anaweka ile sahani? Akanipangusa macho na kitenge.

"Ju nilijua unaikula. Kila dimanche naikuta tupu. Nikasema, ni sehemu ya papa yake, bora aikule yeye."

"Mama, mimi nilikula mara moja tu."

Akanitazama kama vile unatazama mutoto mwenye homa. Furaha alikuwa chini anacheza na kifuniko ya sufuria, miaka miwili, kichwa hakifike hata ku kiti. Mu nyumba tulikuwa watu watatu tu. Mama akainua macho juu ya kabati. Akawasha moto tena, akakaanga, na ile siku alitoa sehemu ya papa mbele ya zetu. Vile tulitoka kuenda ku kanisa, alivuta mulango, lakini ufunguo hakuuzungusha.

Mimi ni muntu wa sala. Padri wetu anafundisha kwamba wafu hawana njaa, na ninamuamini. Nimesoma pia, usiku ku cours du soir, watoto wakiwa wamelala, mpaka nikapata diplôme yangu. Hakuna kitabu hata kimoja kimenipa jibu, na mama aliondoka duniani hajanipa.

Leo binti yangu anatengeneza zile zile. Anafungua téléphone, anafuata video, pâte inaingia mu four, douze minutes kabisa, mdalasini anapima na kijiko. Anapiga photo kwanza, alafu wanakula zote six wamesimama, kila muntu na kona yake. Ni tamu, sitasema uongo. Papa yao anaendesha bus. Akichelewa, mimi naenda ku dirisha, na wao wananicheka: "Maman, unatafuta nini kule inje?" Wananionyesha ku kioo ya téléphone kanukta kadogo kanatembea ku Chaussée de Louvain. Ni papa, anafika dix minutes. Hawainue hata kichwa.

Enzi zetu, muntu akienda alikuwa ameenda kabisa. Hakuna ramani yenye ilimuonyesha. Na sisi, ju hatukumuona popote, tulikuwa tunamuachia nafasi kila mahali.