Chupa Ndani ya Mbegu

Bwana yangu alimupita kaka yangu mukubwa kwenye njia ya Lushebere bila kumusalimia. Kwetu hilo si jambo dogo. Ukimupita shemeji yako kimya, umetangaza ugomvi. Kaka alikuja nyumbani amekunja uso. "Bwana yako anatuzarau," aliniambia. Nilichemka. Bwana yangu aliporudi toka shamba la maharagi alinikuta mulangoni, namungojea.

"Sikumuona," alisema.

"Muntu munene vile, haukumuona?"

Kesho yake aligonga bega kwenye nguzo ya jikoni yetu wenyewe, na hasira yangu ikageuka woga. Tulishuka kwa miguu mpaka Kashebere, tukapanda kamio, lori ya kubeba ndizi, mpaka hospitali moja huko Walikale. Munganga alimumulika ndani ya jicho kwa taa ndogo. Kisha akasema iko glokoma. Nyuma ya jicho kuna mushipa unaopeleka mwanga kwenye ubongo, na huo unakufa. Vimishipa vya damu vinavyopita juu yake vimesukumwa kando, na kimoja kimevuja damu kidogo. Ni alama kwamba ugonjwa unaendelea.

"Kilichokufa hakirudi," alisema. "Matone haya, kila siku, njo yatalinda kilichobaki."

Kila alipotia matone, macho yalimuletea giza kwa muda. Isitoshe, macho hayakuwa yanamuuma hata kidogo, na kwetu dawa ni ya maumivu. Aliendelea kuniambia ametia, nami nikamuamini. Msimu wa kupanda ulipofika nilifungua kikapu cha mbegu, kile ambacho hata njaa ikitubana hakuna anayekigusa. Mkono wangu ukakuta chupa katikati ya maharagi. Ilikuwa karibu kujaa.

"Naiwekea siku macho yataanza kuuma," bwana yangu alisema.

Nilimugombeza mpaka sauti ikakauka. Tukarudi Walikale mbio. Munganga aliangalia tena, akakuta damu mupya upande mwingine wa mushipa. Hakutukaripia. Alitupa chupa nyingine, akaniambia mimi, si yeye, kwamba kuona kwake kwa upande wa kushoto kumekwisha kwenda. Niliumia moyo kuliko siku niliyozika mama yangu.

Tangu hapo nilimutia matone mimi mwenyewe. Alikuwa anaona mbele tu, kama muntu anayechungulia ndani ya tete. Kaka alipoelezwa, alikuja akasimama sawasawa mbele ya uso wake, akamusalimia, wakashikana mikono. Lakini bwana yangu alibaki na hofu ya kuzarau watu. Akaanza kusalimia pande zote mbili za njia, kukiwa na muntu ao migomba mitupu. Vijana walicheka. Mimi sikucheka.

Asubuhi moja nilikuwa nimeinama kando ya mulango, naosha sufuria. Alipita, akageuza uso kidogo.

"Jambo Mama," alisema, kwa heshima ile ya kusalimia mugeni.

"Jambo Papa," nilimujibu.

Akasimama. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Kaa hapa, nikutie dawa."