Salamu Zilizookoa Saa ya Maongezi

Namshukuru Mungu aliyenipa umri wa kuiona redio yetu ya Mbinga ikibadilika mara kwa mara. Serikali iliporuhusu watu binafsi kurusha matangazo, redio hii ilianza kama ya maongezi, nami, katekista mstaafu, nikapewa kipindi cha asubuhi cha wakulima. Baadaye ukaingia muziki, kisha habari za kujiunga na redio kubwa ya Dar es Salaam. Kila badiliko lilimega maongezi, mpaka ikabaki saa yangu moja tu.

Ndipo akaja mkuu mpya wa vipindi, kijana wa mkoa mwingine, mchapakazi.

"Shikamoo, mzee. Wapigaji wako wa simu wanasalimia dakika tano, hoja nusu dakika. Kuanzia kesho, salamu marufuku. Wasipobadilika mwezi huu, saa hii naigeuza ya muziki."

"Marahaba, mwanangu. Tutajaribu."

Rohoni niliumia. Mkulima wa Ukata angemwuliza wapi tena mwenzake wa Mpepai habari za shamba? Nilisali, nikatii.

Kesho yake simu ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja wa Litumbandyosi, mwenye kitalu cha kahawa. Nilimkumbusha asisalimie, naye akatii kuliko nilivyotazamia: "Majirani, njooni wote kwangu leo, msichelewe!" Alipofika kwenye habari ya miche iliyokuwa tayari, watu walikwisha kutoka majumbani. Kwetu, anayeanza neno bila salamu amebeba msiba.

Saa nne uwanja wake ulikuwa umejaa: wanawake na unga na kuni vichwani, wanaume na majembe ya kuchimbia kaburi.

Asubuhi iliyofuata akapiga tena. Safari hii mkuu wa vipindi alikuwa ameketi kando yangu, nami sikumzuia mama yule.

"Shikamoo, baba katekista! Nanyi mlio majumbani, hamjambo? Mimi mzima. Jana mlitaka kunizika bila maiti!"

"Marahaba, mama! Na waombolezaji?"

"Wameondoka na miche yote. Ila unga sirudishi, mliuleta wenyewe!"

Jirani yake akafuata hewani: "Hamjambo nyote? Dada, basi nirudishie machozi. Nimelia tangu mtoni!"

Simu hazikukatika mpaka saa ikaisha, na kila mpigaji alianza kwa salamu. Kijana alicheka hadi akavua miwani.

"Hata malaika aliyetumwa Nazareti alisalimu kwanza, mwanangu," nikamwambia.

Akavuta maikrofoni. "Shikamooni, wazazi wangu. Mimi ndiye niliyezuia salamu. Nisameheni."

Mwezi ulipokwisha alibandika ratiba mpya ukutani. Muziki ulikuwa umesogezwa mchana, na maongezi yamepewa saa mbili nzima. Nikafanya ishara ya msalaba, kisha nikamwomba kiti chenye mto, maana saa mbili kwa mgongo wangu si mchezo.