Mzee aliyegoma kushuka basement tornado ikiwa njiani

Wakuu, salaam kutoka Inver Grove Heights, huku Marekani. Hii sikusimuliwa. Nilikuwepo, na makalio yangu ni mashahidi.

Shule niliiacha mapema, nikazurura nchi kadhaa, sasa nalea wazee kwenye nyumba ya dada mmoja Mkenya. Siku hiyo nilibaki na mzee mmoja tu, Mmarekani, mkulima mstaafu, anatembea kwa kuegemea walker.

Wiki ile tornado zilikuwa zinapokezana majimbo. Leo Kansas, kesho Nebraska, keshokutwa Iowa, zinapanda kuja kwetu. Mimi muda wote niko mtandaoni nasoma zinavyozaliwa. Tena nilitamani kuiona moja, kwa mbali.

Jioni king'ora kikalia. Mzee yuko kitini kibarazani na kahawa yake, anatazama mawingu yaliyogeuka kijani kama mtu anaangalia mpira. Nikamwambia tushuke basement, chumba cha chini ya nyumba. Akasema hizo anaziona tangu utotoni, nishuke mwenyewe.

Nikambembeleza. Nikamtisha. Nikampigia dada, hapokei, yuko barabarani. Kumbeba siwezi, mzee ana mwili wa trekta. Na nikimwacha pale, nimemuua.

Mara upepo ukatulia, ndege kimya. Ile hamu yangu ya kuona tornado ikaisha hapohapo.

Ndipo nikawaza, kwetu mtu mzima haamrishwi. Anaombwa.

Nikamwambia, "Mzee, sijawahi kukaa basement peke yangu. Naogopa. Nisindikize."

Akaniangalia kama anaangalia ndama aliyepotea zizi.

"Ungesema mapema," akajibu, akavuta walker.

Ngazi tulishuka kwa makalio, mmoja nyuma ya mwingine, na yeye ndiye ananipa moyo.

Tumefika chini tu, nyumba ikatikisika. Tulipopanda baadaye, mti wa jirani ulikuwa umelala juu ya kibaraza. Kiti cha mzee kimebaki vijiti.

Alikitazama. Kisha akampigia binti yake.

"Mimi mzima. Kijana wetu aliogopa, ikabidi nimpeleke chini."

Dada kaisikia kwa binti, kawatangazia Wakenya wote wa Twin Cities, miji yetu ya huku. Kanisani akina mama wananiuliza kama nitafika parking peke yangu. Sijakanusha, na sitakanusha.

Nilichojifunza: mtu mwenye kiburi ukitaka kumwokoa, mpe kazi ya kukuokoa wewe.

Wenye wazee wabishi nyumbani, mnawashushaje? Waoga wenzangu mkae mbele, nawasoma.